Nani Atahesabu Siku Sitini?

Januari 2011 wananchi wa Sudan Kusini walipiga kura kwa wiki nzima, na matokeo yalipotangazwa asilimia 98.83 walikuwa wamechagua kuachana na Khartoum. Ni nadra watu wa nchi yoyote kukubaliana kiasi hicho juu ya jambo lolote. Kazi iliyobaki ilionekana kuwa ya makarani tu: Katiba ya Muda ya 2005, iliyozaliwa na mkataba wa amani uliosainiwa Nairobi mwaka huohuo, ipitiwe upya, yanayohusu Sudan moja yaondolewe, na nchi mpya ipate sheria mama kabla ya siku ya uhuru. Mwezi uleule wa kura Rais Salva Kiir aliteua kamati ya wataalamu chini ya Waziri wa Sheria, John Luk Jok. Aprili rasimu ilikuwa mezani kwa Rais. Julai 7 Bunge liliipitisha, na Julai 9, bendera mpya ilipopandishwa Juba, Rais akaisaini mbele ya umati na wageni kutoka kila pembe ya dunia. Taifa lilipata katiba katika muda usiotimia miezi sita.

Kwa anayetaka kujifunza namna ya kupima katiba ya taifa jipya, rasimu ile ina mafunzo mengi, hasa kwa sababu ukianza kuisoma kwenye utangulizi ukashuka nayo ukurasa kwa ukurasa, utaipenda. Inakataza mateso na utumwa. Inaahidi uhuru wa kusema, wa kuabudu na wa kukusanyika. Inawatengea wanawake angalau asilimia 25 ya nafasi serikalini na bungeni. Hata Idara ya Usalama wa Taifa imechorewa mpaka: kazi yake ni kukusanya habari, kuzichambua na kutoa ushauri. Mwandishi mwenye haraka angeishia hapo, akatangaza kwamba taifa changa kuliko yote duniani limezaliwa na katiba ya kisasa. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kurasa hizo tamu ndizo zinazotuambia machache zaidi kuhusu ubora wa rasimu. Tunachokitafuta kimejificha mbele zaidi, kwenye ibara zinazogawa madaraka, na kila ibara ya aina hiyo inastahili kuulizwa maswali mawili bila huruma. Mwenye madaraka haya akiyatumia vibaya, kuna nani anayeweza kumzuia bila kumwomba ruhusa? Na akipuuza wajibu aliopewa hadi siku ya mwisho ikapita, kesho yake asubuhi kinatokea nini?

Haki hazimgharimu mtawala kitu kuziandika. Katiba ya Muungano wa Kisovieti ya 1936 iliwaahidi raia uhuru wa kusema, wa magazeti na wa mikutano. Miaka miwili iliyofuata ikawa ya risasi na kambi za kazi ngumu za Stalin. Tangu Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948 orodha za haki zimezidi kufanana, kwa kuwa waandishi wa katiba huazimana ibara nzimanzima. Leo ukipewa sura ya haki ya nchi yenye mahakama huru na ile ya nchi yenye magereza ya siri, majina yakiwa yamefutwa, huenda ukashindwa kusema ipi ni ipi. Sudan Kusini yenyewe ilitoa ushahidi mapema. Sheria ya usalama wa taifa iliyopitishwa bungeni mwaka 2014 iliwapa maofisa wa idara ile uwezo wa kukamata na kuweka watu kizuizini, ilhali ibara iliyoiwekea idara mpaka wa kukusanya habari na kushauri ilikuwa bado mahali pake, haijaguswa hata nukta. Ibara ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu mwenye nguvu ya kuwaambia Bunge na Ikulu kwamba sheria yao ni batili, naye akabaki na kazi yake siku ya pili.

Tufungue basi Ibara ya 101, inayoorodhesha kazi za Rais. Mstari mmoja ulimpa uwezo wa kumwondoa gavana wa jimbo na kulivunja bunge la jimbo endapo kuna hali ya hatari inayotishia usalama wa taifa na mipaka yake. Mstari uliofuata ulimruhusu kuteua kaimu gavana ambaye angeandaa uchaguzi ndani ya siku 60. Kwa kusoma harakaharaka, huu ni utaratibu wa busara: dharura, hatua, kisha wananchi warudishiwe kura yao. Lakini uliza maswali yale mawili. Nani anaamua kwamba kuna hali ya hatari? Rais. Anapaswa kumshawishi nani kabla ya kusaini amri? Ibara haikutaja Bunge, Baraza la Majimbo, mahakama wala tume ya uchunguzi. Na siku 60 zikipita bila uchaguzi? Hapo katiba inanyamaza. Ikumbukwe kwamba magavana wa majimbo kumi walikuwa wamechaguliwa kwa kura Aprili 2010, kila mmoja na wapiga kura wake, na katika nchi ya makabila mengi isiyo na barabara za kutosha gavana ndiye serikali ambayo mtu wa kijijini anaifahamu. Vyama vya upinzani na wakosoaji wengine waliilalamikia ibara hiyo wakati rasimu ikijadiliwa. Waliilalamikia pia kwa kukosa ukomo wa vipindi vya urais. Majibu waliyopata yalikuwa na mantiki yake: hii ni katiba ya mpito, na Rais ni mtu mnayemjua.

Hapo ndipo penye kosa ambalo mataifa mapya hulirudia. Rasimu huandikwa siku za furaha, na waandishi wake huwa na sura ya mtu fulani vichwani mwao. Ni kama mkataba wa kupanga nyumba: siku ya kuhamia, mwenye nyumba akiwa anacheka nawe, hakuna anayeangalia kifungu cha kufukuzana, na siku kitakapoangaliwa hakuna atakayekuwa anacheka. Juba ya 2011 ilimfahamu Kiir kama mtu mpole aliyekishika chama tawala cha SPLM baada ya kifo cha kiongozi wake, John Garang, Julai 2005 na kuwaunganisha wapiganaji waliokuwa wakiuana hadi nchi ikafika kwenye kura. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Tatizo ni kwamba sifa za mtu hazina nafasi kwenye kipimo. Ibara isomwe kana kwamba mwenye kalamu ni hasimu wako mkubwa, tena ana hofu ya kupoteza cheo.

Hofu ilikuja mwaka wa pili wa uhuru. Januari 2013 Rais alimwondoa gavana wa Lakes, Chol Tong Mayay, na kumweka jenerali wa jeshi. Aprili alimnyang'anya Makamu wake, Riek Machar, majukumu aliyokuwa amemkasimia. Mapema Julai akamwondoa gavana wa Unity, Taban Deng Gai, na Julai 23 akamfukuza Machar pamoja na Baraza zima la Mawaziri kwa amri iliyosomwa kwenye televisheni. Siku 60 za Lakes zilipita bila uchaguzi. Za Unity nazo zikapita. Hakuna aliyezihesabu, kwa sababu katiba haikumpa mtu yeyote kazi ya kuzihesabu. Desemba 15 risasi zililia kambini Juba, na vita vilivyofuata viliua maelfu kwa maelfu na kuwakimbiza watu hadi kwenye makambi ya Uganda, Kenya na Ethiopia. Taban Deng, yule gavana aliyeondolewa kwa mstari mmoja wa kalamu, alijiunga na uasi wa Machar, kisha mwaka 2016 akarudi Juba na kuteuliwa Makamu wa Kwanza wa Rais badala ya Machar huyohuyo. Kalamu ileile iliyomshusha ndiyo iliyompandisha, na sina hakika kama kuna somo la katiba linaloweza kuandikwa vizuri zaidi ya hilo.

Sasa tuweke pembeni yake katiba ya jirani. Wakenya walipitisha katiba yao Agosti 4, 2010 kwa asilimia 67 ya kura, mwaka mmoja tu kabla ya ile ya Juba, nao walikuwa na sababu zilezile za kuogopa kaunti zitakazowaka moto. Ibara ya 192 inamruhusu Rais wa Kenya kuisimamisha serikali ya kaunti. Kukiwa na vita au machafuko ya ndani anaweza kuchukua hatua. Lakini kwa sababu nyingine yoyote, hata iwe nzito vipi, lazima kwanza tume huru ichunguze, kisha Seneti iridhie. Usimamishaji hauzidi siku 90, Seneti inaweza kuukatisha wakati wowote, na siku hizo zikiisha uchaguzi unafanyika. Utaratibu huo ulijaribiwa Makueni, ambako gavana Kivutha Kibwana, mwanasheria wa katiba kwa taaluma, alikuwa kwenye ugomvi mkali na wawakilishi wa wadi. Tume iliundwa, ikasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuisimamisha, na serikali ya kaunti ikaendelea hadi uchaguzi uliofuata. Unaweza kubishana kama uamuzi wake ulikuwa sahihi. Lakini tazama jinsi ugomvi ulivyotembea: ulipita mikono mingi, kila mkono ukiwa na sababu za kwake, na kila hatua ikawapa watu muda wa kupoa. Lakes na Unity ziliamuliwa kwa sahihi moja.

Swali la pili, lile la siku ya mwisho kupita, wasomaji wengi wa rasimu hawaliulizi kabisa, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Kenya inatupa mifano miwili kutoka katiba moja, mmoja wa mafanikio na mmoja wa aibu. Ibara ya 140 inaipa Mahakama ya Juu siku 14 kuamua kesi ya kupinga uchaguzi wa Rais, na matokeo yakifutwa uchaguzi mpya ufanyike ndani ya siku 60. Septemba 1, 2017 mahakama ilifuta ushindi wa Kenyatta, na Oktoba 26 Wakenya walirudi vituoni. Upinzani uliususia uchaguzi huo na wengi waliulaani, lakini tarehe iliheshimiwa, kwa sababu kuivuka kungemwacha Rais bila uhalali wa kukaa Ikulu. Mfano wa aibu ni kanuni inayosema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilipewa muda wa kutunga sheria ya kuitekeleza, muda ukaisha, ukaongezwa, ukaisha tena. Katiba iliweka hata adhabu: Jaji Mkuu amshauri Rais alivunje Bunge. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitoa ushauri huo. Bunge halikuvunjwa. Tofauti ya matukio hayo haiko kwenye uzuri wa lugha. Katika lile la kwanza aliyechelewa ndiye aliyekuwa apoteze. Katika la pili adhabu ilimtegemea Rais ambaye hakuwa na haja ya kugombana na wabunge wake.

Turudi Juba na kipimo hicho mkononi. Katiba ya 2011 ilisema muhula wa Rais ni miaka minne kuanzia Julai 9, 2011, na kwamba tume ingeandaa rasimu ya katiba ya kudumu kwa mwaka mmoja. Tume iliteuliwa na Rais. Ilichelewa kuanza, ikaongezewa muda, haikumaliza. Kwa kuwa katiba ya mpito ilijitangaza kuendelea kutumika hadi ile ya kudumu ipatikane, kuchelewa hakukumuumiza aliyekuwa madarakani hata kidogo. Kila mwaka wa kuchelewa ulikuwa mwaka mwingine wa Ibara ya 101. Mwaka 2015 ulipofika na uchaguzi haupo, Bunge liliongeza muda wa Rais na wake lenyewe hadi 2018, na 2018 ukaongezwa tena hadi 2021. Ili kuelewa kwa nini Bunge lilikubali kirahisi, rudi kwenye ibara inayolianzisha. Bunge la kwanza la taifa lilikuwa na wabunge 332, na 66 kati yao walikuwa wateule wa Rais. Baraza la Majimbo, lile lililopaswa kuwalinda magavana dhidi ya Ikulu, lilikuwa na wajumbe 50, na 30 kati yao aliwateua Rais. Hesabu hiyo ilikuwa imeandikwa wazi kwenye katiba. Mtu mwenye kalamu na dakika kumi angeweza kuipiga mwaka 2011 na kubashiri upepo utakakovuma.

Oktoba 2015 Rais alitoa amri ya kugawa majimbo kumi kuwa 28, wakati katiba ilisema wazi kwamba majimbo ni kumi. Novemba Bunge likaibadilisha katiba ili ifuate amri. Mwaka 2017 majimbo yakawa 32, na Februari 2020, kwa shinikizo la makubaliano ya amani, yakarudi kumi pamoja na maeneo matatu ya utawala. Mwaka uleule wa 2017 majaji waligoma wakidai mishahara na mazingira bora ya kazi, na Julai Rais akawafuta kazi majaji 14 kwa amri moja, ingawa katiba ilitaka utaratibu unaopitia baraza la utumishi wa mahakama. Mmoja wao alilifikisha shauri Arusha, kwenye Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, na mahakama hiyo ikaona kwamba uondoaji huo ulivunja Mkataba wa Jumuiya. Ni jambo la kutafakari kwamba jaji wa taifa huru alilazimika kwenda nchi nyingine kumtafuta mtu asiyemhofu Rais wake.

Wapo watakaosema kwamba nazipa karatasi uzito usio wake. Vita vya 2013, watasema, vilitokana na jeshi lililokuwa mkusanyiko wa wanamgambo, na mafuta yaliyofungwa Januari 2012 kwa ugomvi na Khartoum hadi hazina ikakauka, na makovu ya 1991 wakati Machar alipojitenga na Garang na damu ikamwagika mjini Bor. Hakuna ibara ingezuia hayo. Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hii. Katiba haina jeshi lake. Lakini chanzo cha ugomvi wa 2013 kilikuwa swali la nani atakishika chama na kugombea urais 2015, na katiba iliyoandikwa 2011 ndiyo iliyokuwa imepanga thamani ya kiti hicho. Iliamua kwamba anayekikalia anaweza kumfuta Makamu, mawaziri na magavana bila kumwuliza mtu, na kwamba hakuna kipindi cha mwisho. Kiti cha namna hiyo kinafanya kushindwa kuwe kifo cha kisiasa, na wanaume wenye vikosi hawakubali kufa kirahisi. Katiba nzuri isingewageuza kuwa malaika. Ingepunguza kile walichokuwa wakikigombania, na ingewaachia walioshindwa vyeo na majimbo ya kungojea zamu yao.

Hoja nyingine ina heshima zaidi Afrika, nayo ni kwamba taifa changa linahitaji mkono wenye nguvu. Mwaka 2011 Sudan Kusini ilikuwa na waasi wa ndani kama George Athor, na jirani wa kaskazini asiyeitakia mema. Watanzania wanaijua hoja hii vizuri. Tanganyika ilipata katiba ya uhuru Desemba 1961, ikaibadilisha baada ya mwaka mmoja tu kuwa ya jamhuri yenye Rais mwenye madaraka makubwa, na viongozi wakakataa kuingiza sura ya haki wakisema itakwamisha maendeleo. Haki hizo ziliingia kwenye katiba ya Tanzania mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwahi kukiri hadharani kwamba katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Hakuwa dikteta wa aina ya Idi Amin, na alipong'atuka 1985 aliondoka kwa hiari. Watu huutaja mfano huu kama ushahidi kwamba madaraka makubwa hayana madhara. Mimi nauona unathibitisha kinyume chake: nchi iliyonusurika kwa tabia ya mtu mmoja haikulindwa na katiba yake, na tabia hairithiwi pamoja na ofisi. Isitoshe, nguvu na kutozuiwa ni mambo mawili tofauti. Rais anayeruhusiwa kupeleka jeshi kwenye jimbo linalowaka usiku huohuo, kisha akatakiwa kuliomba Bunge kibali ndani ya siku kadhaa, ana nguvu za kutosha kuzima moto. Anachonyimwa ni uwezo wa kuuwasha mwenyewe na kubaki peke yake na maji.

Kuhusu ile hoja ya kwamba katiba ni ya mpito tu, mambo yatarekebishwa baadaye, historia yetu wenyewe inatosha. Katiba ya Muda ya Tanzania ya 1965 ilidumu hadi 1977, miaka kumi na miwili. Ya Juba imeshapita umri huo. Watafiti Zachary Elkins, Tom Ginsburg na James Melton, waliochunguza katiba za dunia tangu 1789, walikuta kwamba wastani wa maisha ya katiba ni miaka 19. Kwa kipimo hicho katiba nyingi zilizoitwa za kudumu hazijaishi sana kuliko zile za muda. Rasimu ya mpito inapaswa kupimwa kwa ukali uleule, na pengine ukali zaidi, kwa kuwa ndiyo itakayoamua nani ataketi mezani siku ya kuandika ile nyingine.

Inabaki hoja ya wale wanaosema kipimo cha kweli ni ushiriki: wananchi waulizwe, wasikilizwe, na matokeo yatakuwa mazuri. Ushiriki una thamani yake, na kamati ya Juba, iliyotawaliwa na wanachama wa SPLM hata baada ya kuongezwa wajumbe wa upinzani, ilistahili lawama iliyopata. Lakini tazama Eritrea. Tume chini ya Profesa Bereket Habte Selassie ilifanya kazi iliyosifiwa, ikazunguka vijijini na hata kuwafuata Waeritrea walioko ng'ambo, na Mei 23, 1997 katiba ikaidhinishwa na bunge la katiba. Haikuwekewa tarehe ya kuanza inayombana mtu yeyote. Mwaka uliofuata vita na Ethiopia vikazuka, Rais Isaias Afwerki akawa na sababu ya kungoja, na katiba ile haijatumika hadi leo. Ushiriki wote ule ulimwagika kwenye pengo la ibara moja ambayo pengine ingechukua mistari miwili.

Namibia ilikwenda njia nyingine. Uchaguzi wa Novemba 1989 ulikipa chama cha SWAPO viti 41 kati ya 72 vya bunge la katiba, na theluthi mbili iliyohitajika ni 48. Chama kilichokuwa na uhakika wa kutawala kilihitaji kura za watu ambao walikuwa na uhakika wa kutawaliwa, na hao waliisoma kila ibara kwa jicho la mtu atakayeumizwa nayo. Kazi ilikamilika kwa chini ya miezi mitatu, haraka kuliko hata Juba, na Februari 9, 1990 katiba ilipita bila kupingwa: vipindi viwili vya urais, mahakama yenye meno, na marufuku ya kubadilisha katiba kwa lengo la kupunguza haki. Haikuwa ngome isiyotikisika. Mwaka 1998 ilirekebishwa ili Rais Sam Nujoma, yeye peke yake, apate kipindi cha tatu. Lakini alipomaliza aliondoka, na waliomfuata wakabaki na viwili. Kilichoisaidia Namibia ni kwamba wenye hofu walikuwa ndani ya chumba, tena na kura za kutosha kukataa. Katika Juba ya 2011 SPLM ilikuwa na karibu viti vyote vya Bunge, na wenye hofu walikuwa nje wakiandika taarifa kwa magazeti.

Kazi ya kuandika katiba ya kudumu ya Sudan Kusini haijaisha. Mkataba wa amani wa 2018 uliiagiza, sheria ya utaratibu wake ilipitishwa Desemba 2022, na uchaguzi uliopangwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026. Rasimu itakapotoka, magazeti yatanukuu utangulizi na sura ya haki, na wafadhili watapongeza asilimia ya wanawake, ambayo mkataba wa amani tayari umeipandisha hadi 35. Msomaji wa Bor au Wau, au yule aliyeko kambini Kakuma, aipite sehemu hiyo kwanza. Afungue ibara ya magavana aone kama Rais bado anaweza kumwondoa mtu aliyechaguliwa kwa sahihi yake peke yake. Kisha ahesabu wateule wa Rais katika chombo kinachotakiwa kumkatalia. Halafu atafute siku 60, au zozote zitakazoandikwa mahali pake, asome sentensi inayofuata: kama inasema kwamba siku ya 61 kaimu gavana hana tena uwezo wa kusaini hata hundi moja ya jimbo, benki ikijua hivyo na mkaguzi wa hesabu akijua hivyo, basi huenda safari hii uchaguzi ukaitishwa. Kama baada ya siku hizo kuna nukta na ibara mpya inaanza, rasimu irudishwe kwa walioiandika.